Baada ya Katoni za Sodo: Kazi Iliyobakia Vilabu vya Wanawake Nairobi

Kila ifikapo Julai, vilabu vingi vya huduma jijini Nairobi, yaani vyama vya watu wanaojitolea kuisaidia jamii, hukabidhiana uongozi. Rais anayeondoka humvika mwenzake mkufu wa cheo, hotuba hutolewa, chakula huliwa katika hoteli ya Westlands au Upper Hill, na kiongozi mpya hutangaza mradi ambao angependa mwaka wake ukumbukwe kwa huo. Mmoja huchagua sodo kwa wasichana wa shule, anayemfuata huchagua cherehani kwa kina mama wa mitaa ya mabanda, wa tatu hupanda miti, wa nne hujenga matangi ya maji. Kila mradi ukiutazama peke yake ni mzuri. Ukiipanga miradi hiyo kwa mfululizo wa miaka kumi, hata hivyo, ni nadra kukuta msichana aliyeshikwa mkono tangu alipoingia sekondari hadi alipotoka, au kikundi cha kina mama kilichotembelewa tena baada ya picha za makabidhiano kupigwa.

Siandiki haya kwa nia ya kuwadhihaki wanawake wanaojitolea wakati wao na pesa zao mfukoni. Jiji hili lina watu wengi wenye uwezo mkubwa kuliko wao ambao hawajawahi kumlipia mtoto wa mwenzao hata muhula mmoja. Hoja yangu ni kwamba klabu ya huduma ya wanawake ina nguvu ambayo haijaitumia ipasavyo, na nguvu hiyo haimo katika katoni inazogawa. Imo katika uwezo wake wa kuigeuza zawadi kuwa wajibu wa taasisi za umma, ili kitu kilichoanzishwa kwa hisani kiendelee kwa sheria na kwa bajeti hata klabu yenyewe inapokuwa imehamia mradi mwingine.

Vilabu hivi vilizaliwa kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Zonta ilianzia Buffalo, Marekani, mwaka 1919. Soroptimist ilianzia Oakland, California, mwaka 1921. Inner Wheel iliasisiwa Manchester mwaka 1924 na Margarette Golding pamoja na wake wengine wa wanachama wa Rotary, chama ambacho hakikuwakubali wanawake kuwa wanachama wake. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani itoe uamuzi mwaka 1987 ndipo Rotary ilipoibadilisha katiba yake miaka miwili baadaye na kuwafungulia wanawake duniani kote. Kwa hiyo asili ya vilabu vya wanawake ni watu waliokuwa na taaluma, elimu na ari, lakini hawakuwa na kiti mezani. Inashangaza kidogo kwamba warithi wao, ambao leo ni mawakili, mameneja wa benki, madaktari na walimu wakuu, hukitumia kiti walichokipata hasa kwa kuchangisha fedha.

Nairobi ina historia yake katika jambo hili, na si ya kujivunia yote. Muungano wa wanawake wa Kizungu ulioanzishwa mwaka 1917, uliojulikana kama East Africa Women's League, ulidai haki ya kupiga kura, na haki hiyo ikapatikana mwaka 1919, lakini kwa wanawake wa Kizungu peke yao. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani nayo ilianza mwaka 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mkewe gavana wa wakati huo, na ilikuwa na alama zote za hisani ya kikoloni. Lakini hospitali hiyo haikubaki mikononi mwa wafadhili. Ilichukuliwa na baraza la mji, na hadi leo iko chini ya serikali ya Kaunti ya Nairobi, ikizalisha watoto wa Eastlands usiku na mchana. Mtu anaweza kulalamikia foleni zake, vitanda vyake na migomo ya wahudumu wake, naye ana haki ya kufanya hivyo kwa sababu hospitali hiyo sasa ni ya umma. Zawadi ya mtu binafsi haidaiwi hivyo.

Jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, wakati wa hali ya hatari, ikiwa na mafunzo ya mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba, na serikali ikitarajia kuwaweka wanawake mbali na Mau Mau. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Mwanamke huyo hakuishia katika mapishi. Alikwenda akasimamia magereza ya wanawake, akaingia bungeni, na mwaka 1997 akawasilisha hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika uongozi. Hoja hiyo ilishindwa siku ile, lakini Katiba ya mwaka 2010 ilipoandikwa, wazo lake lilikuwa limeshakita mizizi.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu ni wa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya mwavuli wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wanawake walitembea kutoka jumba la KICC hadi Kamukunji na kupanda miti saba. Miti mitano ilikufa. Wengi wetu tungeihesabu sherehe ile kuwa imefana, tuandike ripoti na kuendelea na mengine. Vuguvugu la Green Belt lililotokana na siku hiyo lilikuja na utaratibu ambao kila mweka hazina wa klabu angepaswa kuufahamu: kina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Hawakulipwa kwa idadi ya mashimo waliyochimba wala kwa kuhudhuria sherehe. Sijui ni vilabu vingapi jijini vingebaki na ripoti ndefu kama miradi yao ingehesabiwa kwa kipimo hicho.

Tuchukue sodo, kwa kuwa ndio mradi unaopendwa kuliko yote. Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa hiyo mwaka 2004, kisha ikaondoa ushuru wa kuiingiza nchini mwaka 2011. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa, na marekebisho hayo yakaipa serikali jukumu la kumpa kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo bila malipo, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Hayo ni maneno mazito. Kwa msichana wa shule ya umma, sodo si fadhila tena bali ni haki iliyoandikwa, sawa na dawati. Klabu inayofika katika shule hiyo na katoni ishirini, ikazigawa na kuondoka bila kumuuliza mwalimu mkuu mara ya mwisho mgao wa serikali ulifika lini na ulimtosha nani, imemsaidia msichana kwa miezi miwili mitatu na kumsaidia mwenye jukumu kulisahau jukumu lake.

Jambo la pili, ambalo kwa Nairobi ni zito zaidi, ni kwamba sheria hiyo inataja shule za umma tu. Anayeijua Mathare, Mukuru au Kibra anajua kwamba sehemu kubwa ya watoto wa huko hawasomi katika shule za umma, kwa sababu shule hizo ni chache na nyingine ziko ng'ambo ya barabara kuu au ya mto. Husoma katika shule ndogo za mabati zinazoendeshwa na makanisa, na vikundi vya mtaani, na watu binafsi, ambako mzazi hulipa kidogo kidogo kwa wiki au hata kwa siku. Msichana wa shule hizo ndiye mwenye uhitaji mkubwa kabisa, naye ndiye ambaye sheria ilimpita. Hapa klabu ina sababu mbili za kufika: kujaza pengo lililopo leo, na kukusanya ushahidi wa pengo hilo ili sheria irekebishwe. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Klabu yenye mawakili wawili, mwalimu mkuu mstaafu na muuguzi, iliyogawa sodo katika shule kumi za mabati kwa miaka mitatu na kuweka kumbukumbu za mahudhurio, ina maneno ya kuliambia bunge ambayo shirika kubwa lenye makao yake ng'ambo haliwezi kuyasema kwa uhakika ule ule. Kumbukumbu hizo ndizo ninazoziona zikikosekana. Picha zipo tele.

Mtu anaweza kunijibu kwamba msichana mwenye hedhi hawezi kungoja bunge, naye atakuwa amesema kweli. Mkono mtupu haulambwi, na sishauri mtu afike Mukuru kwa Njenga na nakala ya Katiba badala ya sodo. Nashauri aje na vyote viwili, na kwamba kazi ya pili ipewe katika ratiba ya klabu uzito ule ule unaopewa chakula cha jioni cha kuchangisha fedha.

Katika karo, tatizo la uongozi wa mwaka mmoja huonekana waziwazi zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na masomo ya ngazi hiyo huchukua miaka mitatu. Klabu iliyomchukua msichana mwaka huu itakuwa imebadilisha rais mara tatu kabla hajafanya mtihani wake wa mwisho. Ikiwa karo yake inategemea mapenzi ya rais aliye madarakani, basi kuna siku atarudishwa nyumbani kwa sababu rais mpya anapenda mazingira. Dawa yake haina ugumu wowote wa kitaalamu: fedha za karo ziwekwe katika akaunti ya peke yake, kamati yake isibadilike kila Julai, na klabu isimchukue msichana wa pili kabla haijawa na fedha za kumfikisha wa kwanza mwisho. Mimi ningechagua wasichana watano kwa miaka mitatu kuliko hamsini kwa muhula mmoja, ingawa najua hamsini hupendeza zaidi katika taarifa ya mwaka.

Yupo pia msichana ambaye vilabu vingi humwonea haya, naye ni yule aliyezaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Sera ya kuwaruhusu warudi shuleni imekuwapo tangu mwaka 1994, na mwongozo mpya wa kitaifa ulitolewa mwaka 2020. Kinachomzuia msichana huyo mara nyingi ni mambo ya karibu: mwalimu mkuu asiyetaka kumpokea, mama yake aliyekata tamaa, na mtoto asiyekuwa na mtu wa kumlea mchana. Mwanamke mzima mwenye heshima zake akiongozana naye hadi ofisini na mwongozo mkononi, akaketi, akauliza kwa adabu ni kifungu gani kinachomruhusu mwalimu kumkatalia, mazungumzo hubadilika. Kwa hilo hakuna fedha inayohitajika zaidi ya nauli. Kinachohitajika ni asubuhi moja ya mtu ambaye sauti yake husikilizwa, na vilabu vimejaa watu wa namna hiyo.

Kuhusu cherehani nitasema machache. Fundi wa kike anayepewa cherehani Nairobi huingia sokoni kushindana na mitumba ya Gikomba, na nguo mpya anayoshona ni ghali kuliko iliyovaliwa Ulaya ikaletwa kwa marobota. Kazi inayoweza kumlipa kwa uhakika ni sare za shule na za wafanyakazi, na kazi hizo hupatikana kwa zabuni. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini kuipata zabuni ni hatua moja tu. Mwanamke huyo anahitaji kusajili biashara, kupata cheti cha kulipa kodi, kukopa fedha za kitambaa, kisha kungoja malipo, na anayejua malimbikizo ya madeni ya serikali za kaunti, ya Nairobi yakiwemo, anajua kwamba kungoja huko kumewafilisisha wengi. Mhasibu wa klabu anayekaa na kikundi cha mafundi mara moja kwa mwezi, akawasaidia kuzisoma hati za zabuni na kuandika barua za kudai malipo, anafanya kazi ambayo cherehani kumi mpya haziwezi kuifanya.

Vikundi vyenyewe tayari vipo. Karibu kila ploti ya Eastlands ina chama cha kina mama wanaochanga, wanaokopeshana mezani, wanaozikana na wanaonunuliana vyombo. Sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii imewapa utaratibu wa kutambuliwa, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mikopo ya Hazina ya Uwezo au ya Hazina ya Biashara za Wanawake. Vyama hivi vinajua ni binti wa nani aliyeacha shule na ni mume gani anayempiga mkewe. Kosa la vilabu vya hotelini ni kuviona vyama hivi kama mahali pa kupokelea misaada, ilhali katika nidhamu ya kutunza fedha mweka hazina wa chama cha mtaa wa Huruma angeweza kuwafunza wengi wao.

Suala la ukatili halihitaji kuelezwa kwa urefu kwa msomaji wa Nairobi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana hapa na katika miji mingine kulaani mauaji ya wanawake, na Januari 2025 serikali iliunda jopo chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kulichunguza tatizo hilo. Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na mashirika mengi yaliyokuwa yakitegemea fedha hizo kuendesha huduma za afya na hifadhi yakapunguza kazi. Klabu ya wanachama thelathini haiwezi kulijaza pengo hilo. Inaweza, hata hivyo, kuchagua jambo moja dogo katika safari ndefu ya mwathiriwa. Kesi ya ubakaji huahirishwa mara nyingi, na kila ikiahirishwa shahidi hutumia nauli na kupoteza kibarua cha siku. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyofikishwa bungeni na Njoki Ndung'u, ni kali vya kutosha, lakini haimpi mtu nauli ya kwenda mahakama ya Makadara mara ya saba. Kesi nyingi hufia hapo. Mfuko wa nauli za mashahidi na mtu wa kuketi nao kortini si mradi wa kuvutia wapiga picha, na huenda ndiyo sababu hatuusikii.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Wanachama husema kwamba kanuni za vilabu vyao zinawakataza siasa, na kwamba wakianza kudai hiki na kile watatumiwa na wanasiasa. Hofu hiyo ina msingi katika historia yetu. Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na chama cha KANU mwaka 1987, na ikachukua miaka kabla ya kuondokewa na doa la kuwa tawi la chama tawala. Lakini kuuliza kama shule ya umma imepata mgao uliotajwa katika sheria si siasa za vyama. Anayenyamaza kwa kuogopa siasa naye huwa amechukua upande, upande wa ofisa ambaye hataki kuulizwa. Kinga ya klabu ni ule uhuru wake mdogo wa kifedha: haimtegemei mbunge, haimtegemei mfadhili wa ng'ambo, na hakuna anayeweza kuifungia mfereji.

Kama ningeulizwa klabu ianzie wapi, ningetaja vituo vya kulelea watoto mchana. Kina mama wanaotoka Mukuru alfajiri kwenda kutafuta vibarua katika viwanda vya Industrial Area, au kufua nguo za watu South B, huwaacha watoto kwa jirani mwenye chumba cha mabati na mkeka. Siku ambayo fedha ya kumlipa jirani haipo, binti mkubwa hubaki nyumbani na mdogo wake, na mwalimu huandika kwamba hayupo. Kwa hiyo kituo kizuri cha watoto humwachilia mama aende kazini na binti aende shuleni kwa wakati mmoja, jambo ambalo katoni na cherehani hazilifikii. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo hivyo tangu mwaka 2017, inayogusa usajili, ukaguzi na viwango. Wenye vituo vingi vya mabandani hawajawahi kuisikia, au wanaiogopa kwa sababu wanaijua kwa sura moja tu, ya askari wa kaunti anayekuja kufunga.

Klabu inaweza kuchagua mtaa mmoja, ikaketi na walezi wa vituo vyake, ikawasaidia kusajili, kupata maji safi na mafunzo ya huduma ya kwanza, kisha ikaifuata bajeti ya kaunti mwaka baada ya mwaka kuona kama kuna fungu lililotengwa kwa ajili yao. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti hufanyika mchana wa siku za kazi, saa ambazo mlezi wa watoto kumi na wanane hawezi kuondoka. Wanachama wawili wa klabu wangeweza kwenda naye, na wengine wawili wakabaki chumbani na watoto mpaka kikao kiishe.